Prosesa ya i7-8700K inaanguka kwenye gigahezi 5.0 ninapotoa video ndefu: nianzie wapi kutafuta kosa?

Mhariri_wa_Harusi

Ndugu zangu, habari za jioni. Nina kompyuta ya nyumbani niliyoiunga mwenyewe, yenye prosesa ya Intel Core i7-8700K, ubao mama wa Z370, memori ya DDR4 ya gigabaiti 32, kipoza cha hewa chenye feni moja ya milimita 120 na pawa saplai ya wati 650. Kazi yake kubwa ni kuhariri video za harusi na sendofu, na video moja kamili huchukua zaidi ya saa mbili kutoka ikiwa faili iliyokamilika.

Kompyuta hii ilifanya kazi miezi mingi kwa kasi ya kiwandani, yaani gigahezi 4.3 viini vyote sita vikiwa na kazi, bila kunisumbua hata siku moja. Majuma matatu yaliyopita niliingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya ubao mama), nikapandisha kizidishi (namba inayozidishwa na megahezi 100 kupata kasi) hadi 50 ili viini vyote viende gigahezi 5.0, nikafunga volteji ya prosesa kwenye 1.30, nikawasha XMP (mpangilio wa kasi ya juu uliohifadhiwa kwenye memori yenyewe) ili memori iende 3200, na mengine yote nikayaacha kwenye hali ya kujipanga yenyewe. Cinebench, programu ya kupima prosesa, ilipita mara tano mfululizo, na mwanangu amecheza mpira humo saa mbili bila kukwama, nikaamini kazi imekwisha.

Tatizo linajitokeza kwenye kazi yenyewe. Video ndefu ikifika kati ya asilimia 40 na 70 skrini inageuka bluu, mara nyingi na maneno WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, na mara moja CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT. Isitoshe, mara mbili nimeiacha usiku ikiwa haifanyi lolote, asubuhi nikaikuta imejizima na kujiwasha. Chumba hakina kiyoyozi. Hapa Dar mwezi huu kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzi 31 hata saa nne usiku, na prosesa ilifika nyuzi 93 wakati wa kutoa video. Jamaa mmoja ameniambia niongeze volteji hadi 1.40 na yataisha. Kabla sijafanya hivyo naomba ushauri wenu, kwa sababu kuna bwana harusi anayenipigia simu kila siku.

FundiSaketi

Mkuu, umeeleza vizuri, ila umetuachia namba moja muhimu kuliko zote. Umetuambia volteji uliyoiandika kwenye BIOS, lakini hujatuambia volteji ambayo prosesa inaipata ikiwa imebanwa na kazi, na hizo ni vitu viwili tofauti. Prosesa ikianza kuvuta mkondo mkubwa, volteji hushuka kwa makusudi, maana saketi ya ubao mama imeundwa hivyo ili mzigo unapoachiliwa ghafla volteji isiruke juu kupita kiasi. Ukiweka 1.30, inawezekana viini vyako vinapata 1.22 au chini zaidi katika dakika ile ile vinapohitaji nyingi.

Hilo pia ndilo linaloeleza kwa nini mchezo wa mpira unapita na harusi haipiti. Mchezo hauvishughulishi viini vyote sita kwa pamoja, na hauvibani kwa namna ile ile. Programu za kusimba video, kwa upande mwingine, hutumia sana amri za AVX2, ambazo huchakata namba nyingi kwa mpigo mmoja na kuamsha sehemu za prosesa ambazo kwenye michezo huwa zimelala nusu. Cinebench nayo ni kipimo cha muda mfupi. Kuipita mara tano si ushahidi wa utulivu, ni ushahidi kwamba kompyuta inaweza kuvumilia dakika chache.

Kwa hiyo fanya mambo mawili usiku wa leo, bila kubadilisha mpangilio wowote. Kwanza, fungua HWiNFO (programu inayosoma vipimo vya kompyuta), anza kutoa video, kisha utuandikie volteji ya prosesa, wati inazovuta, na joto la kila kiini. Pili, fungua Event Viewer ya Windows, nenda kwenye kumbukumbu za mfumo, utafute maingizo ya WHEA-Logger, ambako Windows huandika makosa ya vifaa. Usiishie kwenye yale yaliyoandikwa siku kompyuta ilipoanguka. Tafuta tukio namba 19, ambalo ni kosa lililorekebishwa kimyakimya bila kompyuta kuanguka. Ndani yake kuna mstari wa APIC ID. Namba hiyo inakuambia ni kiini kipi kilicholalamika.

Kijana_wa_Kasi

Mimi nina prosesa kama hiyo na ninaiendesha 5.0 kwa 1.38 mwaka wa pili sasa. Mpe 1.40, ongeza feni, endelea na maisha. Hizi hesabu nyingine ni za kujichosha.

Mwl_Fizikia

Kijana_wa_Kasi, nakubali kwamba yako inafanya kazi, lakini prosesa mbili za jina moja hazizaliwi sawa, na hujatuambia kipoza chako ni cha aina gani wala chumba chako kina joto kiasi gani. Hesabu ya ndugu yetu ni fupi, haimchoshi mtu.

Joto linalozalishwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, na hupanda kwa mraba wa volteji. Kutoka 1.30 hadi 1.40 kwa kasi ile ile ni ongezeko la karibu asilimia 16. Sasa prosesa yake imefika nyuzi 93 katika chumba chenye nyuzi 31, kwa hiyo kipoza chake kinaiacha ipande nyuzi 62 juu ya joto la hewa. Ongeza asilimia 16 upate 72, jumlisha na 31 za chumba, unafika 103. Prosesa hii huanza kujipunguzia kasi yenyewe ikikaribia 100. Maana yake ni kwamba atalipia volteji ya gigahezi 5.0, na joto lake, halafu prosesa iishie kukimbia chini ya hapo kila video inapokolea.

Niongeze jambo moja ambalo wasomaji wa hapa hulisahau. Majaribio mengi tunayoyasoma mtandaoni hufanywa katika vyumba vyenye nyuzi 20 hivi. Mtu akikuandikia kwamba yake ilifika 82, basi kwa kipoza hicho hicho katika sebule ya Dar mwezi wa Februari ingefika 93. Hakukudanganya, anaishi kwenye baridi tu.

Mhariri_wa_Harusi

Nashukuru sana wote, na Mwalimu umeniokoa na 1.40. Haya ndiyo niliyoyapata jana usiku.

Nilipoanza kutoa video, volteji ilishuka kutoka 1.30 hadi 1.216 na kubaki hapo. Prosesa ilikuwa inavuta wati 140. Joto la viini lilikuwa kati ya 86 na 93, kiini cha tano kikiwa ndicho cha moto zaidi. Iliendelea hivyo dakika 48, kisha skrini ya bluu.

Kwenye Event Viewer nimeshtuka kidogo. Kuna tukio namba 19 mara 31 ndani ya majuma haya matatu, nyingi zikiwa siku ambazo kompyuta haikuanguka kabisa na mimi nilidhani mambo ni shwari. Karibu zote zimeandikwa Internal parity error, na APIC ID ni 8 au 9, isipokuwa chache. Nilijaribu pia Prime95, programu ya kuibana prosesa kwa hesabu nzito, kwa kipimo chake cha Small FFT, na baada ya dakika 11 kazi ya tano kati ya sita ilisimama na ujumbe unaosema Rounding was 0.5, expected less than 0.4, nyingine tano ziliendelea.

Nikiri pia jambo ambalo sikulitaja mwanzoni kwa sababu sikuliona kuwa na uhusiano. Memori yangu ilikuwa gigabaiti 16, vipande viwili. Wiki ile ile niliyopandisha kasi nilinunua vipande vingine viwili vya kampuni ile ile na namba zile zile, 3200 na CL16, nikaviweka pamoja na vya zamani.

FundiSaketi

Hapo sasa tunazungumza. Mkuu, una wagonjwa wawili kwenye kitanda kimoja, na kila ukimpa dawa mmoja, mwingine anakohoa, nawe unadhani dawa haifanyi kazi.

Mgonjwa wa kwanza ni kiini cha tano. Prosesa hii ina viini sita na kila kiini kina nyuzi mbili za kazi (thread, si nyuzi za joto), kwa hiyo APIC ID zinakwenda 0 hadi 11, mbilimbili. Namba 8 na 9 ni za kiini kimoja, cha tano tukianza kuhesabu kwa moja. Prime95 imekuambia hivyo hivyo, na HWiNFO inakuonyesha kwamba ndicho cha moto zaidi. Memori mbovu haichagui kiini. Ingekuwa ni memori peke yake, makosa yangesambaa huku na huku. Hicho ndicho kiini dhaifu katika prosesa yako, na kwa kuwa kizidishi ni kimoja kwa wote, wenzake wanalazimika kumfuata yeye.

Angalia pia hesabu ya volteji. Wati 140 ukizigawa kwa volti 1.216 ni ampea 115. Umepoteza volti 0.084 njiani. Igawe kwa ampea hizo, unapata ukinzani wa milioomu 0.73 hivi, na ukinzani huo ndio unaourekebisha kwa kile kipengele cha BIOS kinachoitwa Load-Line Calibration, ambacho wewe umekiacha kijipange chenyewe. Kiweke katikati. Usikipeleke kwenye ngazi kali kabisa, kwa maana hapo volteji ikiachiliwa huruka juu ya ile uliyoiandika, na mruko huo ni wa haraka mno kiasi kwamba HWiNFO haiwezi kukuonyesha. Tena usome kitabu cha ubao wako: kwenye ASUS namba kubwa ndiyo kali, kwenye ASRock ngazi ya 1 ndiyo kali, na nimeshaona mtu aliyepoteza saa nzima akipandisha kumbe anashusha.

Mgonjwa wa pili ni yule anayeizima kompyuta usiku ikiwa imekaa kimya. Volteji umeifunga, kwa hiyo haishuki kompyuta inapopumzika, na hakuna mkondo mkubwa wa kuishusha. Kiini cha tano hakina sababu ya kulalamika saa nane usiku kikiwa hakina kazi. Huyo namshuku ni memori.

Kwa hiyo watenganishe. Rudisha prosesa kwenye kasi ya kiwandani kabisa, acha XMP imewashwa, vipande vyote vinne, halafu endesha MemTest86, programu ya kupima memori, kutoka kwenye flashi usiku kucha. Ikitoa hata kosa moja, jibu unalo. Baada ya hapo fanya kinyume chake: zima XMP ili memori irudi kwenye kasi yake ya kawaida, kisha shughulika na prosesa peke yake. Usiguse vitu viwili kwa siku moja.

Pwani_Teki

Naunga mkono hoja ya memori kutoka hapa Mombasa, maana limenikuta. Intel wameipitisha prosesa hii kwa DDR4-2666. Ukiwasha XMP ya 3200 tayari umeshapandisha kasi ya kidhibiti cha memori kilichomo ndani ya prosesa, hata kama hujagusa kizidishi. Halafu namba iliyoandikwa kwenye boksi inahusu vipande vilivyouzwa pamoja katika boksi hilo. Maboksi mawili yenye jina moja yanaweza kuwa na chipu za watengenezaji tofauti ndani yake. Duka halikukudanganya, ila hakuna aliyewahi kuvipima vinne hivyo kwa pamoja.

Uangalie pia volteji mbili zinazohusika na kidhibiti hicho cha memori, zinazoitwa VCCIO na VCCSA. Mbao nyingi za Z370, ukiwasha XMP na kuziacha zijipange, huzipandisha kuliko inavyohitajika, na hilo linaongeza joto bila faida. Yangu ilijiwekea zaidi ya 1.25, nikazishusha hadi 1.10 na 1.15, ikatulia.

Na hili ni la muhimu kuliko yote niliyoandika. Usihariri kazi ya mteja kwenye mashine hiyo mpaka MemTest86 ipite. Memori inayokosea haileti skrini ya bluu kila mara. Mara nyingine inaandika tu biti isiyo sahihi kwenye diski na kunyamaza. Mimi nilipoteza folda ya picha za mahafali namna hiyo, faili zipo, ukubwa ni ule ule, ila nusu ya chini ya kila picha ilikuwa ya kijivu. Nakili video zako kwenye diski ya nje, tena uzinakili kutoka kwenye kadi za kamera kama bado hujazifuta, wala si kutoka kwenye kompyuta hiyo. Ukimaliza, endesha sfc /scannow ili ujue kama faili za Windows zenyewe zimesalimika.

Kijana_wa_Kasi

Sawa, nimesoma yote. Nimefungua Event Viewer yangu baada ya maelezo ya FundiSaketi. Tukio namba 19 mara 7 mwezi huu. Sikuwahi kujua. Nimerudisha 4.9 kimyakimya.

Mhariri_wa_Harusi

Naomba radhi kwa kukaa siku sita bila kujibu. Nilikuwa nafuata maagizo moja baada ya jingine, na usiku ni mfupi.

Nilianza na memori. Prosesa ikiwa kwenye kasi ya kiwandani na vipande vinne vikiwa 3200, MemTest86 ilitoa makosa 3 katika mzunguko wa pili. Vipande viwili vya zamani peke yake, 3200, hakuna kosa. Viwili vipya peke yake, hakuna kosa. Vikiwekwa vinne tena, makosa yakarudi. Nikavishusha hadi 2933 na kuweka VCCIO na VCCSA kama alivyosema Pwani_Teki (ubao wangu ulikuwa umejiwekea 1.28 kwenye mojawapo), na mizunguko yote minne ikapita bila kosa. Tangu hapo kompyuta haijajizima usiku hata mara moja.

Kisha nikazima XMP na kugeukia prosesa. Nilipandisha Load-Line Calibration hadi ngazi ya katikati, nikiacha 5.0 na 1.30 kama zilivyokuwa. Volteji chini ya mzigo ikawa 1.264 badala ya 1.216, na Prime95 ikaenda saa nzima bila kazi yoyote kusimama. Nilifurahi kwa muda mfupi, maana kiini cha tano kilikuwa kinasoma nyuzi 98, na HWiNFO ilikuwa imeandika mara kadhaa kwamba prosesa imejipunguzia kasi. Mwalimu alikuwa ameshaliona hilo kwa kalamu tu.

Hapo ndipo nilipoacha kuing'ang'ania 5.0. Niliweka kizidishi 48, nikashusha volteji hatua kwa hatua, Prime95 dakika 30 kila hatua, mpaka kwenye 1.20 ambapo tukio namba 19 lilijitokeza tena, kiini kile kile cha tano. Nikapanda hadi 1.22, ambayo chini ya mzigo inasoma 1.184. Joto la juu kabisa ni 87 katika chumba kile kile chenye nyuzi 31. Mwisho nikairudisha memori kwenye 2933 na kurudia vipimo vyote vikiwa pamoja, Small FFT kwa ajili ya viini na Blend kwa ajili ya memori. Leo ni siku ya tatu, na kumbukumbu za WHEA ni tupu.

Harusi imetoka kwa saa 2 na dakika 5. Kwa kasi ya kiwandani video hiyo hiyo ilichukua saa 2 na dakika 18. Nimekadiria kwamba 5.0 ingenipa saa 2 kamili, lakini kwa kuwa haijawahi kunifikishia video moja hadi mwisho, saa hizo mbili ni za kwenye karatasi.

Mwl_Fizikia

Hongera. Kutoka 5.0 kwenye 1.264 hadi 4.8 kwenye 1.184 umepunguza joto linalozalishwa kwa asilimia 16 hivi, na umelipa kwa asilimia 4 ya kasi. Ukifika mwezi wa Julai chumba kikiwa na nyuzi 25, utaona kiini cha tano kinasoma 81 bila wewe kugusa kitu.

FundiSaketi

Na usijaribiwe na hizo nyuzi sita za Julai, kwa sababu Novemba inarudi. Kama utaona lazima uipate 5.0 kwa ajili ya michezo ya kijana, weka kizidishi 50 na punguzo la AVX la 2, ili kazi za video zibaki 4.8. Lakini volteji ya 5.0 itabaki ile ile ya juu hata kasi ikishuka, kwa kuwa umeifunga, na joto la kutoa video litapanda karibu lirudi ulikotoka. Mimi ningeiacha hapo ilipo.

Mhariri_wa_Harusi

Naiacha. Mwanangu ameulizwa kama ameona tofauti yoyote kwenye mpira, akasema feni imepunguza kelele. Mipangilio yote nimeiandika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa kasha, pamoja na tarehe, na chini yake nimeandika APIC ID 8 na 9 kwa wino mwekundu.